Kufunga kwodi kwenye pikapu ili isilegee njiani kati ya Nakuru na Kisumu

Pikipiki ya magurudumu manne, ambayo wengi wetu huiita kwodi, si kitu kigeni tena katika mashamba ya Njoro, Molo na Rongai, wala katika kambi za wageni zilizo karibu na Ziwa Elementaita. Hata hivyo si chombo cha kuendeshwa kwenye barabara kuu, kwa hiyo kila inapohitajika kuhama kutoka shamba moja hadi jingine, au kupelekwa Kisumu kwa fundi, hupakiwa kwenye pikapu. Nimeifanya kazi hiyo ya kuzisafirisha kwa miaka kadhaa, na katika muda wote huo sijawahi kuona mkanda mzuri ukikatika. Nilichokiona, tena zaidi ya mara moja, ni mkanda mzima kabisa uliolegea, ndoano yake ikachomoka, na kwodi ikabaki imesimama huru nyuma ya gari lililo katika mwendo.

Sababu iko katika maumbile ya mzigo wenyewe. Gunia la mahindi ukishalifunga hutulia, na tangi la maji hutulia pia. Kwodi ina springi, na matairi manne laini yenye upepo kidogo sana, kwa hiyo pikapu inaporuka tuta, kwodi hubonyea kabla ya kuinuka. Katika ile nukta ya kubonyea, mkanda uliokazwa vizuri huwa mlegevu, na ndoano isiyo na kizuizi hupata nafasi ya kutoka mahali pake. Kwodi inapoinuka, mkanda haupo. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinahusu namna ya kuzuia hiyo nukta moja ya ulegevu, kwa sababu anayefikiria tu kuhusu kukatika kwa kamba hununua kamba nene na kuendelea kuifunga vibaya.

Pima kabla ya kupakia

Kwodi ya kazi za shamba huwa na uzito wa kilo 250 hadi 350 ikiwa tupu, urefu unaozidi mita 2 kidogo na upana wa karibu mita 1.2. Pikapu ya tani moja haisumbuliwi na uzito huo. Inayosumbua ni nafasi, na hapo pikapu hazifanani. Ile ya kebini moja ina bodi yenye urefu wa takriban mita 2.3, kwa hiyo kwodi huingia yote na mlango wa nyuma ukafungwa. Dabo kebini, ambayo ndiyo wenye mashamba wengi wanayo siku hizi, ina bodi ya takriban mita 1.5 tu.

Tufanye hesabu, maana watu wengi huamini kwamba kwodi inayoning'inia kidogo nyuma haina neno. Umbali kati ya ekseli mbili za kwodi nyingi ni karibu mita 1.3, na tairi lina kipenyo cha sentimita 63 hivi. Ukiisukuma mpaka matairi ya mbele yaguse ukuta wa mbele wa bodi, ekseli ya mbele itakuwa sentimita 32 kutoka kwenye ukuta huo, na ekseli ya nyuma itakuwa umbali wa mita 1.6. Bodi yenyewe inaishia kwenye mita 1.5. Maana yake ni kwamba matairi ya nyuma, yakiwa yamebeba karibu nusu ya uzito wote, yanatua juu ya mlango ulioteremshwa, mlango unaoshikiliwa na nyaya mbili na bawaba ambazo hazikutengenezwa kubeba kilo 150 zinazorukaruka kutoka Nakuru hadi Ahero.

Kama kuna pikapu ya kebini moja ya kuazima au kukodi, iazime. Ikiwa huna budi kutumia dabo kebini, tafuta mbao mbili ngumu zenye unene usiopungua sentimita 5 na urefu wa mita 2 au zaidi, moja kwa kila upande, uzilaze kuanzia ukuta wa mbele hadi nje ya ukingo wa bodi, ili tairi la mbele na la nyuma la upande ule yakalie ubao mmoja. Ubao huo hushikiliwa mbele na tairi lililoukalia, hivyo hauinuki, na uzito wa nyuma huegemea ukingo wa sakafu ya bodi badala ya mlango. Mbao za mpaini zilizobaki kwenye ujenzi hazifai kwa kazi hii ikiwa zina mafundo au nyufa. Kisha kumbuka kwamba kitu kinachotokeza nyuma ya gari kinahitaji kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku, na kwamba kwodi haipaswi kuziba taa za breki wala namba ya gari.

Pima pia upana. Ndani ya bodi kuna nundu mbili zinazofunika matairi ya pikapu, na nafasi iliyopo kati yake mara nyingi ni karibu mita 1.1, ambayo ni ndogo kuliko kwodi kadhaa. Kwodi ambayo tairi lake moja limepanda nundu na jingine liko sakafuni imeinama tangu mwanzo, na hakuna ufundi wa kamba utakaoinyoosha. Hiyo itafutiwe trela.

Mikanda, na kwa nini blada ibaki kwa bodaboda

Nunua mikanda ya poliesta yenye racheti, yaani kile kifaa chenye mpini cha kukazia, minne kwa uchache na wa tano wa kuongezea. Tazama lebo iliyoshonewa pembeni. Kwa mikanda iliyotengenezwa kwa kufuata viwango vya Ulaya, lebo ya buluu humaanisha poliesta, ya kijani nailoni, na ya kahawia polipropilini. Poliesta ndiyo inayofaa kwa sababu haivutiki sana, hata ikilowa. Nailoni huvuta maji na kurefuka, na yeyote aliyepita Kericho alasiri anajua kwamba kulowa si jambo la kubahatisha. Kwenye lebo hiyo hiyo kuna herufi LC na kiasi kinachoandikwa kwa daN, ambapo daN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Huo ndio uwezo wa mkanda ukiwa kazini. Baadhi ya mikanda huandikwa tu kiwango cha kukatikia, na hicho ukigawe kwa tatu kabla ya kukiamini. Mkanda usio na lebo yoyote nauchukulia kama kamba ya kuanikia nguo.

Uwezo gani unatosha? Kanuni za kufunga mizigo za Ulaya na za Marekani zinakubaliana kwamba mzigo ufungwe kiasi cha kustahimili nguvu ya kwenda mbele inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma. Kwa kwodi ya kilo 300, breki moja ya ghafla ni sawa na watu kuivuta mbele kwa nguvu ya kilo 240. Mkanda uliolala kwa pembe ya nyuzi 45 hutoa takriban asilimia 70 tu ya nguvu yake katika mwelekeo unaouhitaji, kwa hiyo sikubali mkanda wa chini ya LC 500, na upana usiopungua milimita 25.

Kamba ya manila ina kazi zake, na blada ya tyubu kuukuu, ambayo vijana wa bodaboda wameifungia hadi makochi na mbuzi, ina heshima yake pia. Lakini mpira ni kitu kinachokubali kuvutika, na kuvutika ndiko tunakokukimbia. Kamba ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, yaani inabadilika njiani bila kukuuliza.

Ongeza vitanzi vinne laini, vile vifupi vya utepe vinavyozungushwa kwenye chuma ili ndoano isikwaruze fremu, pamoja na vipande vya zulia kuukuu au mpira wa kufunika kingo kali. Ndoano ziwe na ulimi wa springi unaofunga mdomo. Ukizikosa, funga mdomo wa kila ndoano kwa waya mwembamba au kwa utepe wa plastiki. Ni kazi ya dakika mbili.

Mahali pa kufungia

Vile vindoano vidogo vilivyo nje ya bodi, chini ya ukingo, viliwekwa kwa ajili ya turubai. Vinapinda. Grili za mabomba ambazo mafundi wetu huchomelea juu ya bodi nazo ni za kuaminiwa kwa tahadhari, kwa kuwa nyingi zimeshikwa kwa skrubu nne kwenye bati la juu. Kinachofaa ni pete zilizofungwa kwenye sakafu au kwenye kona za chini za bodi. Zishike kwa mkono uzivute kwa nguvu, kisha uchungulie kwa chini uone kama bati limeanza kula kutu kuzunguka bolti.

Kama gari halina pete, fundi yeyote makini wa jua kali, awe wa eneo la viwanda la Nakuru au wa Kibuye kule Kisumu, anaweza kuziweka kwa saa chache. Mwambie atoboe sakafu mahali palipo na mhimili wa chuma chini yake, atumie bolti zinazopita hadi upande wa pili, na kila bolti iwe na bamba la chuma nene kwa chini badala ya wosha ndogo, ili bati lisichanike. Asichomelee karibu na tangi la mafuta, na waya wa betri utolewe kabla ya kuchomelea chochote.

Kwa upande wa kwodi, mkanda ushike fremu ya chuma au mikono ya chini ya shokamzoba, mbele na nyuma. Usiufunge kwenye usukani, kwa sababu usukani huzunguka na mkanda hulegea. Usiufunge kwenye kerieri ya mizigo iliyo juu, kwani imeshikwa kwa bolti ndogo, na usiupitishe juu ya paipu za breki au nyaya za klachi. Nimewahi kuletewa kwodi ambayo breki zake za mbele zilikuwa hazishiki, na sababu ikaonekana kuwa mkanda uliobana paipu tangu Eldoret.

Kuipandisha

Ajali za kwodi na pikapu hutokea hata kabla gari halijaondoka, wakati mtu anapopanda kwa ngazi fupi za kupakilia huku kwodi ikipinduka kinyumenyume na kumwangukia. Bodi ya pikapu ya magurudumu yote manne iko sentimita 85 hivi kutoka chini. Ngazi ya mita 1.8 hufanya mteremko wa nyuzi 28, ilhali ya mita 2.4 huupunguza hadi nyuzi 21, na tofauti hiyo huihisi mwilini mara unapoanza kupanda. Lakini wakulima wengi wanayo njia bora kuliko ngazi yoyote: ile rampu ya udongo au saruji ya kupakilia ng'ombe. Rudisha pikapu hadi iguse rampu, na kwodi iingie karibu bila kupanda kabisa. Pasipo na rampu, tafuta ukingo wa ardhi uliosimama, uteremshe matairi ya nyuma ya pikapu kwenye mtaro mkavu, na urefu utapungua sana.

Ukilazimika kutumia ngazi, zifunge kwenye gari kwa mkanda au mnyororo, kwa maana tairi linapoanza kupanda huisukuma ngazi nyuma na kuiangusha. Vuta handibreki ya pikapu, itie gia, na weka mawe au vigingi nyuma ya matairi yake. Mimi hupendelea kuivuta kwodi kwa winchi, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru, huku mtu mmoja akinyoosha usukani akiwa pembeni. Pasipo winchi, anayeipandisha awe mzoefu, awe amevaa kofia ya kinga, aitumie gia ya chini kabisa na magurudumu yote manne, aegemee mbele, na asikanyage mafuta kwa ghafla. Hakuna mtu anayesimama nyuma ya ngazi kwa sababu yoyote, hata utingo aliyezoea kusukuma.

Kufunga kwenyewe

Ingiza kwodi ikiwa imeangalia mbele, katikati kabisa ya bodi, hadi matairi yote mawili ya mbele yabane ukuta wa mbele. Mguso huo una maana kubwa, kwani pikapu inapofunga breki ni ukuta unaopokea msukumo, na mikanda haianzi kazi ile kutoka sifuri. Hakikisha bampa ya kwodi au kerieri yake haifikii kioo cha nyuma cha kebini. Ikifikia, weka boriti ya mbao kati ya matairi na ukuta ili kuirudisha nyuma kidogo. Itie gia ya kwanza au gia ya kuegeshea, funga handibreki, funga bomba la mafuta kama lipo, toa ufunguo, na uondoe vitu vyote vilivyowekwa juu ya kerieri. Pima upepo wa matairi wakati huo huo, maana tairi linalovuja polepole ni mkanda unaolegea polepole.

Anza na mbele. Ndoano ya chini iingie kwenye pete ya kona ya mbele ya bodi, na ya juu kwenye kitanzi laini kilichozunguka fremu, ili mkanda uvute kwa mielekeo mitatu kwa pamoja: chini, mbele na nje. Pasipo huo mwelekeo wa nje, kwodi itayumba kila kona. Kwa nyuma ni vivyo hivyo, ila mkanda unavuta chini, nyuma na nje. Ukisimama ukatazama kutoka juu, mikanda minne inapaswa kuonekana kama miguu ya buibui aliyejinyoosha.

Racheti ina adabu yake. Pitisha mkanda kwenye upenyo wa mhimili, uvute ulegevu wote kwa mkono kwanza, halafu ndipo uanze kupiga mpini. Mkanda ujizungushe kwenye mhimili mara mbili hadi tatu. Pungufu ya hapo huweza kuteleza, na zaidi ya hapo huvimba ukakwama, ukashindwa kuufungua utakapofika. Usipige fundo kwenye mkanda uliozidi urefu, kwani fundo hupunguza nguvu yake kwa kiasi kikubwa.

Usikaze mkanda mmoja hadi mwisho kabla ya mingine. Kaza wa mbele kushoto kidogo, wa mbele kulia kidogo, kisha ya nyuma, na urudie mzunguko huo. Unapofanya hivyo, tazama nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi. Kabla ya kuanza, ingiza kiganja chako hapo uone ni vidole vingapi vinatosha. Kadiri racheti inavyolia, nafasi hiyo itapungua, kwa sababu springi zinabonyezwa. Hicho ndicho unachokitafuta. Springi iliyobonyezwa kiasi cha theluthi moja ya mwendo wake huendelea kuusukuma mkanda juu wakati wote, kwa hiyo gari likiruka tuta, mkanda unabaki umekazwa. Usiibonyeze hadi mwisho, kwani hapo kila shimo la barabara litapiga fremu na shokamzoba moja kwa moja.

Wapo wanaofunga ekseli au mikono ya chini pekee, ili springi zibaki huru na kwodi icheze juu yake. Njia hiyo ina mantiki, hasa kwa safari ndefu, na nisingebishana na anayeifuata kwa mikanda mizuri. Mimi hufunga fremu kwa pembe nne kisha huongeza mkanda wa tano unaopita juu ya ekseli ya nyuma na kushuka pande zote mbili. Ukiwa na mlango wa nyuma uliofunguliwa, huo wa tano si wa hiari.

Ukimaliza, piga mstari wa chaki au kalamu nene kwenye kila mkanda, pale unapoingia kwenye racheti. Mstari ukisogea njiani, utaona kwa kupitisha jicho tu. Mikia iliyobaki ikunjwe na kufungwa, isije ikapepea na kujizungusha kwenye gurudumu.

Kisha shika kerieri ya kwodi kwa mikono miwili na uitikise kwa nguvu kushoto na kulia. Pikapu nzima inapaswa kuyumba pamoja nayo. Ikiwa kwodi inayumba na pikapu imetulia, rudi kwenye racheti.

Njiani

Nilijifunza umuhimu wa kusimama karibu na Chepseon. Nilikuwa natoka Njoro na kwodi moja, nimeifunga kwa mikanda miwili mbele na manila nyuma, na mvua ikaanza nilipopita njia panda ya Londiani. Nilisimama kununua chai, si kwa sababu ya mzigo. Nilipozunguka nyuma nilikuta kwodi imejisogeza upande wa kushoto kwa kiasi cha shubiri moja, manila ikiwa imelala sakafuni kama nyoka aliyekufa, na ndoano moja ya mbele ikining'inia nje ya bodi, ikigongagonga bati. Sikuwa nimesikia chochote, kwa ajili ya mvua. Mbele yangu kulikuwa na kona zote za kuteremkia Kericho.

Tangu siku hiyo husimama mara ya kwanza baada ya kilomita kumi hivi, kwangu ni pale Ngata, kwa kuwa ulegevu mwingi hujitokeza mapema, mzigo ukishajipangia mahali pake. Mara ya pili ni Mau Summit, mara ya tatu Kericho, na mara ya nne baada ya mteremko, Awasi au Ahero. Hatua hiyo ya mwisho wengi huipuuza wakidhani safari imekwisha, na ndiyo yenye sababu ya pekee. Mau Summit iko juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na Kisumu iko takriban mita 1,130. Hewa ya Kisumu ni nzito zaidi na hulibana tairi kutoka nje, na tairi la kwodi lina upepo wa pauni 4 hadi 7 tu, kwa hiyo likifungwa milimani hupoteza zaidi ya pauni moja likifika ziwani, hata baada ya kuhesabu joto linalolisaidia. Kwenye tairi la gari usingeliona badiliko hilo. Kwenye tairi la pauni 5, mwili wa kwodi hushuka kidogo, na mikanda uliyoikaza Nakuru hushuka nao.

Milima nayo ina tabia zake. Kupanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, mzigo huvuta nyuma, na mikanda ya mbele ndiyo inayobeba kazi. Kuteremka kutoka Kericho ni kinyume chake. Tumia gia ya chini badala ya kukanyaga breki mfululizo, hasa unaporudi Nakuru na kuishuka Sachangwan, maana una kilo 300 zilizo juu na nyuma, na pikapu haifungi breki kama ulivyoizoea ikiwa tupu. Mimi sizidishi kilomita 80 kwa saa mahali popote, na katika miji midogo kikomo cha kisheria ni 50. Anayeendelea kutoka Kisumu kwenda Kakamega ajiandae kwa matuta ya Mbale na Chavakali, ambayo huyapima mafundo ya kila mtu.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inadai mzigo ufungwe kwa namna isiyohatarisha mtu yeyote barabarani, na afisa wa polisi ana haki ya kukusimamisha kwa hilo. Mtu kukaa juu ya kwodi iliyopakiwa, hata kama ni utingo anayedai kwamba anaishikilia, ni jambo nisilolikubali hata kwa kilomita moja ya barabara ya shamba. Mzigo ukipinduka, yeye ndiye wa kwanza kuwa chini yake.

Kushusha

Egesha mahali tambarare. Kagua kwanza kama kwodi imeegemea upande wowote, kwa sababu mkanda ulio upande wa pili unaweza kuwa ndio pekee unaoizuia isianguke. Hakikisha handibreki yake bado imeshika, kisha fungua wa tano, halafu ya nyuma, na ya mbele mwisho. Springi zitaachia nguvu zake mara racheti inapofunguka, na mpini unaweza kukupiga mkono au kidevu, kwa hiyo simama pembeni, ushike mpini kwa kiganja kizima. Ishushe kinyumenyume, taratibu, ikiwa imenyooka, kwa ngazi zilizofungwa vile vile zilivyofungwa wakati wa kupandisha.

Matope ya Kano hukauka yakawa kama saruji ndani ya racheti, kwa hiyo osha mikanda kwa maji safi jioni ile ile na uianike kivulini. Ukiiacha bodini juani mwezi mzima, rangi yake hupauka na nyuzi hukakamaa. Ipitishe yote kati ya vidole viwili kabla ya kuikunja. Ukigusa mahali palipokatika ukingoni, hata kwa upana wa ukucha, ukate mkanda huo vipande viwili kwa kisu papo hapo, kusudi utingo asije akauokota wiki ijayo na kuutumia.